Huyo Mtoto Ni wa Spesiyoza

Kimisagara, Kigali
Desemba 1990

Dada yangu Saumu,

Assalaam alaykum. Naomba maneno haya yakukute umekaa, goti lako limetulia, na Athumani wako amekwisha kupona ile surua. Shemeji naye kifua kimemwachia? Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Mioyo ndiyo siwezi kuisemea.

Kikaratasi chako kimenifikia juzi. Kombo dereva alikitoa ndani ya kofia yake, nikakisoma nimesimama pale pale gereji, mafuta ya magari yakinirukia kwenye kanga. "Mtoto amefika. Hasemi, halali. Ni nani, na kwa nini Kombo anamwita mwana wa Hamadi? Hamadi ana mwana wapi?" Dada, una haki ya kuuliza kwa ukali. Nimekutwika mtoto wa watu bila hata kupiga hodi. Ni kweli, Hamadi hana mwana nje, usimchukie bure mume wangu. Huyo anaitwa Solange, si Salma kama Kombo alivyokuambia. Ni binti wa jirani yangu Spesiyoza, ana miaka kumi na mitatu, na nitakueleza yote. Barua hii haipiti posta. Kombo atakupa mkononi. Ukishaisoma itie jikoni iungue, wala usimpe mtu akusomee.

Nianzie mbali kidogo, maana usipojua nilivyokuwa nikiishi huku hutaelewa nilivyofika hapa.

Wewe unanijua tangu udogo. Wenzangu walikuwa wakikimbilia uwanjani kucheza, mimi nakaa chini ya ngazi kwa Bibi, humo unamoishi wewe sasa, nikisikiliza kile chumba cha juu kilichopigwa komeo. Bibi alikuwa akifukiza ubani nje ya mlango wake kila Alhamisi jioni, na hakutuambia ni kwa ajili ya nani. Nilitega sikio miaka na miaka, sikusikia kitu. Kule kutosikia kitu ndiko kulikonitia hofu, na nadhani ndiko kulikonifanya mwandishi. Mama alisema nikiolewa nitaacha kuandika mambo ya makaburi. Nikaolewa, nikamfuata fundi wangu wa malori mpaka nchi hii ya vilima, na huku ndiko ugonjwa ulipozidi.

Kigali imeumbwa kwa mtu kama mimi. Asubuhi ukungu unajaa bondeni hata mapaa ya Kimisagara yote yanazama. Unasikia watu wakikohoa na redio zikizungumza chini yake, lakini humwoni mtu. Kule mjini kwenye mikaratusi wamejaa popo wakubwa, wananing'inia mchana kutwa kama nguo nyeusi zilizosahauliwa kwenye kamba, na jua likishuka wanaondoka wote pamoja, anga linachafuka. Na wenyeji hawasemi mizimu, wanasema abazimu. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza ilikuwa kama kukutana na ndugu ugenini.

Basi asubuhi nashona sare za shule, na mvua ya alasiri ikianza nasukuma vitambaa pembeni, naandika juu ya meza ile ile ya cherehani. Kombo akishuka Dar es Salaam ananipelekea sura mpya kwa mhariri wa lile gazeti la hadithi. Mhariri kila mara anajibu neno moja: wasomaji wanataka damu. Mimi damu siipendi. Mlango ambao ungepaswa kufunguka na haufunguki unanitosha.

Msikilizaji wangu wa kwanza alikuwa Spesiyoza. Ni mjane, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, muuza vitenge. Wazazi wake walikimbilia Burundi naye akiwa mgongoni, akakulia Bujumbura, akaja kuolewa huku. Kiswahili chake ni kile cha Bujumbura, anakizungumza mbio kama mtu anayeshuka mlima. Nilikuwa namsomea huku anachambua maharagwe, na macho yangu hayakuwa kwenye karatasi, yalikuwa kwenye vidole vyake. Vikiendelea kuchambua, najua ukurasa huo ni mbovu, naufuta. Mkono ukisimama juu ya ungo, najua nimepata.

"Weye Zaina," atasema, "hiyo habari inanitetemesha. Hapana soma tena. Haya, soma."

Solange alikuwa upande wa pili wa pazia, eti anafanya hesabu za shule.

Hii riwaya ya mwisho ni Spesiyoza aliyenipa mbegu yake. Alikuwa akipeleka vitenge Kabeza, huko karibu na uwanja wa ndege, kwa wake za watumishi. Siku moja akanichukua twende wote, akanionyesha nyumba kubwa ya matofali ambayo mwenyewe alikwisha kuhamia ng'ambo. "Angalia lile dirisha la pembeni," akaniambia. "Liko na pazia. Sasa muulize mulinzi." Mlinzi akatuambia upande ule ndani hakuna chumba, ni ukuta mtupu. Dada, nilirudi nyumbani sioni njia. Nikaandika habari ya bibi harusi anayeletwa kwenye nyumba ya Kabeza, nje anaona dirisha, ndani hakuti chumba, na jioni anasikia watu wakizungumza ukutani. Lile komeo la Bibi, ule ubani, zile ngazi zetu, vyote nilivitia mle. Sijapata kuandika kitu kizuri kama kile.

Oktoba vita vikaingia kutokea upande wa Uganda. Usiku mmoja risasi zikalia mji mzima, na kulipopambazuka wakaanza kuchukua watu majumbani, wanasema ni wasaidizi wa adui. Huku kitambulisho cha mtu kimeandikwa kabila lake, na waliokuwa wakichukuliwa wengi walikuwa Watutsi, kama Spesiyoza. Na sisi Waswahili tukapata msiba wetu mdogo. Wale walioingia na bunduki wamekulia Uganda na wanajua Kiswahili, basi lugha yetu ikanuka adui. Wanawake niliozoea kusalimiana nao kisimani kwa Kiswahili wakaanza kunijibu kwa kichwa tu.

Mimi na akili yangu ya vitabu, nikaona Kombo anasafiri kesho yake, nikatia sura nilizomaliza kwenye bahasha, nikashika njia ya Nyabugogo yanakoegeshwa malori. Ilikuwa mchana kweupe. Kwenye kizuizi askari mmoja akakung'uta mkoba wangu, bahasha ikaanguka.

"Hii iko nini?"

"Hadithi."

"Hadisi ya nani?"

"Ya kutunga. Ya gazeti."

Akafungua. Kiswahili alikijua kidogo, akawa anasoma kwa kidole, silabi moja moja. "Wa-ta-ku-ja... taa zi-ki-zi-ma... ku-pi-ti-a u-ku-ta-ni." Akaniangalia. "Nani watakuja?"

"Wafu," nikasema.

"Wafu gani?"

Nilitaka kucheka, Dada, Mungu anajua, kicheko kilifika mpaka kooni. Kisha nikaona anamwita mwenzake, na mwenzake ana kamba.

Walinipeleka kituoni wakaniweka mbele ya luteni. Miaka yote nimeandika watu wa kutisha, warefu, wenye macho mekundu. Huyu alikuwa mtu mpole wa miwani, anatafuna hindi la kuchoma, na kila akitaka kugeuza ukurasa anafuta vidole kwanza kwa leso asije akachafua kazi yangu. Hakuna msomaji aliyewahi kuniheshimu vile. Kiswahili alijifunza Goma, alisema.

"Mama, kaa." Nikakaa. Alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya neno moja, na kila neno hilo lilipotokea amepiga mstari. "Kabeza iko karibu na uwanja wa ndege. Iko karibu na kambi. Wewe unaandika, Kabeza kuna nyumba. Ndani ya nyumba kuna chumba, mlango hakuna. Ndani ya chumba kuna watu. Usiku wanatoka. Mimi nifikiri nini?"

"Ni uongo, bwana mkubwa. Ni hadithi ya kutisha watu."

"Watu wameshaogopa. Nani alikuonyesha hii nyumba?"

 Alikuwapo aliyenionyesha, na jina lake lilikuwa mbele ya meno yangu, na kitambulisho chake nakijua kilivyoandikwa. Yule luteni akauma hindi, akangoja. Hakunipiga, hakupaza sauti.

"Nyumba hiyo iko Pangani," nikasema. "Kwetu. Ni ya bibi yangu mzaa mama. Kabeza ni jina tu, nilipenda mlio wake."

"Ah. Basi nieleze nyumba ya bibi yako."

Nikaieleza. Nilimpandisha ngazi moja moja, nikamwonyesha ile iliyooza tunayoiruka. Nikamwonyesha mlango wenye misumari ya shaba iliyong'olewa, nikamtia harufu ya popo darini, nikampa komeo, nikampa ubani wa Alhamisi. Niliuza nyumba yetu chumba kwa chumba ili nisitaje mtu. Alisikiliza mpaka hindi likaisha.

"Na mwisho iko namna gani?" akauliza. "Hapa karatasi zinaisha, na ule bibi harusi bado anasikia sauti."

Mwisho sikuwa nao, Dada. Nilikuwa sijaujua. Nikautunga mbele yake. Nikamwambia bibi harusi hakuwahi kuwaona. Alikaa nao mpaka uzee wake, na kila jioni aliweka sahani ya chakula chini ya ukuta ule, na asubuhi akaikuta tupu.

Luteni akavua miwani. "Kwa nini hawakuvunja ukuta?" akasema. "Mimi ningevunja siku ya kwanza."

Kisha akaniambia niende. Akanishauri niandike mapenzi, watu wanapenda mapenzi. Karatasi zangu akazitia kwenye mtoto wa meza.

Nilifika nyumbani. Nikamwita Spesiyoza, nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akajishika mbavu aliposikia lile la wafu gani. Halafu kicheko kikakatika.

"Ulisema ni mimi nilikupeleka?"

"Nilisema Pangani."

Akanishika mkono, akaukandamiza. Jioni ile akamleta Solange na mkeka wake. "Nyumba yangu inavuja," akasema. "Alale kwako siku mbili tatu." Nilitazama paa lake, Dada. Lilikuwa zima.

Askari walikuja kumchukua Spesiyoza asubuhi moja, mimi nashona. Nilimsikia akiwaomba abadilishe viatu, nikasikia wakimkatalia. Solange alisimama nyuma yangu, akafumbua kinywa, nami nikamkamata, nikamsukuma chini ya meza, kichwa chake nikakibana kwa mapaja yangu, nikaanza kukanyaga cherehani. Uzi ulikuwa umekatika. Nilikanyaga bila uzi, kwa nguvu, sindano ikitoboa kitambaa kitupu, ili nje isikike mtu anashona tu na asisikike mtoto analia. Walipita mlangoni pangu. Mmoja alichungulia, akanisalimia kwa Kinyarwanda, nikamwitikia. Sikutoka nje kumtazama Spesiyoza anavyoondoka. Ningetoka, mtoto angeonekana.

Waliwaweka kwenye uwanja wa mpira, mamia ya watu, jua lao na mvua yao. Hamadi alinikataza kwenda, kisha akaniona nimejifunga kanga na uji mkononi, akanifuata kwa mbali. Wanawake wengi walisimama kwenye uzio na vyakula. Siku ya kwanza sikumwona. Nilirudi tena, na tena. Nilipomwona alikuwa miguu mitupu, shavu moja limevimba, kichwa amekifunga kwa kipande cha sketi yake. Alikuja karibu akijifanya anaokota kitu.

"Mtoto?"

"Yuko nyumbani."

"Mupeleke kwenu. Kule kwa bibi yako, kwenye ngazi."

"Spesiyoza, ile ni nyumba ya mizimu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema upuuzi ule. Nadhani nilitaka acheke.

"Mizimu hawaulize kitambulisho," akasema. Mlinzi akageuka, Spesiyoza akaondoka kabla hajaupata uji wangu.

Ndivyo ulivyopata mgeni, Dada. Hukumchagua wewe, na mimi sikukuuliza. Mama yake ndiye aliyekuchagua, kwa kukusikia katika hadithi zangu.

Safari tuliitengeneza na Kombo. Tulimvika Solange mtandio wangu, tukamwita Salma mwana wa Hamadi, na Hamadi mwenyewe akapanda lori awe baba mpaka mpakani. Hofu yetu kubwa ilikuwa Rusumo, pale darajani, maana askari wa pale wana mtego wao. Wanakusemesha Kinyarwanda ghafla, ukigeuka umekwisha. Basi kabla ya safari niliketi naye, nikawa namwita kwa lugha ya kwao nyuma ya mgongo wake. Naita kwa upole, naita kwa ukali, nasema moto, nasema nyoka, nasema mama yako amekuja. Mpaka akaacha kugeuka. Nilimfundisha mtoto kuwa kiziwi wa lugha ya mama yake, na aliifahamu kazi hiyo upesi mno.

Hamadi anasema darajani askari alimwuliza mtoto jina lake kwa Kinyarwanda, akiwa karibu kabisa na sikio. Solange aliendelea kutazama maji. Askari akauliza tena, akapiga kofi bati la lori. Mtoto akamgeukia Hamadi, akasema, "Baba, huyu bwana anataka nini?" Kiswahili safi, cha kwetu, cha Pangani kabisa, alikitoa kwenye hadithi zangu. Lori likavuka. Hamadi aliteremka ng'ambo, akalivuka tena daraja kwa miguu kurudi huku.

Sasa kuhusu kutosema kwake. Nilimwambia asizungumze na mtu yeyote, hata mwema, mpaka mimi niseme. Kwa haraka ya siku ile nilisahau kumwambia kwamba akifika kwako amri imekwisha. Nadhani ananitii mimi. Mkalishe, umwambie kwa jina lake halisi, "Solange, Zaina amesema sasa unaweza kusema." Akisema kwa Kinyarwanda usistuke, mwache aseme mpaka achoke, hata kama hutaelewa neno.

Na kutolala kwake, hilo pia ni langu. Alisikia riwaya yote nyuma ya pazia. Anajua yumo katika nyumba gani. Nakuomba, Dada, ingawa najua Bibi angekataa na shemeji atanung'unika: mpandishe juu mchana, ng'oeni lile komeo. Akione kile chumba. Kikiwa na vyungu na vumbi, aone vyungu na vumbi. Nawe uniandikie mlichokikuta, maana kwa umri wangu huu bado sijui.

Juma lililopita nilirudi uwanjani. Wengi wamehamishwa. Mlinzi mmoja aliniambia wanawake wamepelekwa gereza la mji mwingine, mwingine akasema baadhi wameachiwa. Spesiyoza sijapata kujua kama yumo kwa hawa au kwa wale. Hamadi anaulizauliza gerejini, kwa upole, kwa watu wanaoleta magari ya wakubwa. Nami nashindwa kulala nikiwaza kama ule mstari mwekundu chini ya Kabeza ndio uliowaleta kwake. Labda walikwenda kumwuliza yule mlinzi wa nyumba ya Kabeza, naye akasema alikuja Mtanzania na mama wa vitenge. Hamadi ananiambia wamechukuliwa maelfu ambao hawakuandikwa katika hadithi yoyote. Yawezekana. Lakini mimi nimezoea kusikiliza ukuta, siwezi kuacha sasa.

Mhariri ameniulizia sura zilizobaki. Nimekaa kwenye meza mara kadhaa. Nikiandika neno mzimu naliona kama mwanasesere wa mtoto. Ninachokiogopa siku hizi ni viatu njiani, na watu wapole wanaofuta vidole. Sijui kama hilo linaandikika.

Hamadi anataka nije nyumbani na lori la mwezi ujao. Nimekataa, usimlaumu yeye. Nyumba ya Spesiyoza wameifunga, na vitenge vyake vimeshagawanywa. Akirudi, mlango pekee wa kubisha ni wangu. Nikiondoka, atabisha kwa nani?

Nisalimie shemeji, umwambie nitamletea ile kahawa. Msalimie mama mkubwa, na umpunguzie habari, moyo wake unamtosha. Mbusu Athumani, umwonye asimcheke mgeni anavyotamka. Shangazi wa Bweni asiambiwe kitu mpaka nifike, maana ulimi wake nao ni redio.

Na Solange mpe hii salamu ya mwisho. Atakuuliza kama mama yake atakuja. Najua atauliza, labda akiwa anaosha vyombo, kama mtu asiyejali jibu. Dada, naomba usimtungie hadithi. Amekwisha kusikia za kutosha kwangu. Mwambie hatujui. Mwambie tunatafuta, kila siku, na kwamba hatujui.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukutegemea,

Zaina